Nyongeza Imetangazwa, Fundi wa Pampu Hayumo

Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, na walioshangilia walikuwa na haki, maana nyongeza ya kiwango hicho haiji kila mwaka. Baadaye ikafuata amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi, inayotumika tangu Januari 2026. Toka hapo mazungumzo ya vijiweni na redioni yamegawanyika. Kuna wanaosema hatimaye wanaotuhudumia wamekumbukwa, na kuna wanaonung'unika kwamba wenye ajira wameongezewa ilhali mkulima na mmachinga wameachiwa bei za sokoni. Pande hizo hazipatani, lakini zote zimekosea mahali pamoja: zimechukulia kwamba mtu anayetuhudumia na mtumishi wa umma ni mtu yule yule.

Kwa sehemu kubwa si yule yule. Anayehakikisha pampu ya kijiji inatoa maji, anayefagia barabara kabla ya alfajiri, anayezibua mtaro masika yakikaribia, anayetapisha choo cha uchochoroni ambako gari la majitaka haliingii: hawa ndio wanaobeba huduma za jamii siku hadi siku, na wengi wao hawamo kwenye orodha yoyote ya mishahara ambayo mkaguzi anaweza kuifungua. Ni vibarua, ni watu wa posho, au wameandikwa kuwa "wanajitolea". Asilimia 35 ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo naona mjadala mzima wa kuwaenzi wafanyakazi wa aina hii umeanzia pasipo pake. Tunapimana kiasi cha shukrani, nani apewe cheti na nani apewe jokofu, wakati kasoro iko kwenye daftari la hesabu. Kazi yao haina fungu, haina mkataba, na mara nyingi haina hata jina la cheo. Hilo lisiporekebishwa, hakuna sherehe itakayowafikia.

Nianze na maji, kwa kuwa huko ndiko historia inakoonekana wazi zaidi. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji awe anapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili wakagawana mikoa: Wafini wakashika Mtwara na Lindi, Waswidi wakaenda kanda ya Ziwa, Wadenmaki wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi wakawa Shinyanga na Morogoro. Kila mmoja alikuja na aina yake ya pampu na vipuri vyake, visivyoingia kwenye pampu ya jirani. Gharama za uendeshaji zilikuwa juu ya serikali, na uchumi ulipoyumba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, dizeli ikaadimika, vipuri vikakosekana, na pampu zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa bado liko mbali. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza meza: watumiaji wamiliki miradi yao na wabebe wenyewe gharama za kuiendesha na kuitunza. Sheria ya mwaka 2009 ikazipa nguvu jumuiya za watumia maji. Halafu Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuzipanga upya jumuiya hizo kuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyotakiwa kuwa na fundi na mhasibu wenye sifa badala ya kutegemea kamati ya wanakijiji peke yake.

Katikati ya safari hiyo yote kuna takwimu moja ambayo ingepaswa kutukosesha usingizi. Miaka ya mwanzo ya 2010 Wizara ya Maji iliendesha zoezi la kuorodhesha vituo vya maji vijijini, kituo kwa kituo, na takwimu zake zikawekwa wazi. Sehemu ya takwimu hizo, yenye vituo 59,400, imekuwa mtihani maarufu wa mtandaoni kwa wanafunzi wa sayansi ya data kote duniani. Vijana ambao hawajawahi kuikanyaga Iringa wanashindana kubashiri pampu ipi ya Iringa imekufa. Majibu yenyewe si siri. Vituo zaidi ya 22,800 vilikuwa havitoi maji kabisa, na vingine zaidi ya 4,300 vilikuwa vinatoa lakini vikihitaji matengenezo. Vituo karibu vinne katika kila kumi vilikuwa vimejengwa, vikazinduliwa na kupigwa picha, kisha vikageuka kuwa chuma cha kuegemea. Hali imebadilika tangu wakati huo, miradi mingi imefufuliwa na mingine mipya imejengwa, ila chanzo cha vifo vile hakijabadilika kiasi tunachodhani. Visima vingi havikukauka. Viliharibika kitu kidogo, pakakosekana mtu wa kukirekebisha.

Kitu kidogo kweli. Niliwahi kumtazama fundi mmoja akishughulikia pampu ya mkono aina ya India Mark II katika kijiji kimoja cha Singida. Maji yalikuwa yanakuja kwa kubembeleza, mpini unapigwa mara 30 ndipo ndoo inalowa. Alifungua kichwa cha pampu, akafunga koleo la kushikilia bomba, kisha yeye na vijana watatu wakaanza kuvuta mabomba ya chuma kutoka kisimani, kila kipande mita tatu, wakifungua kiungo kimoja, wakishika kinachofuata kisije kikadondoka shimoni, maana kikidondoka ndiyo basi tena. Yalitoka mabomba kumi. Chini kabisa, ndani ya silinda, kulikuwa na vikombe viwili vya mpira vilivyolika pembeni, vyembamba kama ganda la kitunguu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vimekwamisha kijiji. Akabadilisha, akapaka grisi mnyororo, wakarudisha mabomba yote kumi. Kazi ilianza asubuhi ikaisha alasiri. Nilipouliza malipo, mwenyekiti wa kamati alicheka kwa adabu akasema fundi "ni mtu wetu, anajitolea". Fundi naye alicheka, ila yeye alikuwa anatazama kwingine. Nauli ya kufuata vile vikombe mjini alikuwa ametoa mfukoni mwake.

Sasa linganisha na siku pampu kama hiyo inapozinduliwa. Mwenge wa Uhuru unapita, jiwe la msingi linawekwa, utepe unakatwa, mheshimiwa anachota ndoo ya kwanza na kumtwika mama mmoja ambaye pengine hata si wa kitongoji hicho. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani inasemwa, na ni kaulimbiu njema, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna Mwenge unaokimbizwa kwenda kuangalia mpira uliobadilishwa. Mambo yetu ya miundombinu tumeyaendesha kama tunavyoendesha harusi: mamilioni ya michango kwa siku moja ya ukumbini, na ndoa yenyewe haichangiwi na mtu. Mwanasiasa anayejenga anaonekana. Anayetunza haonekani, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Maji yanatoka kama jana. Hakuna habari hapo, na pasipo habari hakuna kura. Ndiyo maana halmashauri itapigania kwa nguvu zote fedha za kisima kipya katika kijiji chenye visima vitatu vilivyokufa, ambavyo vyote vitatu vingefufuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Upo upande wa pili wenye hoja nzito, na ni wajibu kuupa uzito wake. Unasema hivi: serikali haiwezi kumwajiri kila fundi wa kila kitongoji, na ilipojaribu kubeba kila kitu tuliona yaliyotokea. Mtu akilipia maji anayathamini, anamlinda fundi wake, anamkoromea anayechezea koki. Takwimu zile zile nilizozitaja zinawapa nguvu, kwa kuwa vituo ambavyo watumiaji walilipia kwa mwezi au kwa mwaka vilikutwa vikifanya kazi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko vile visivyolipiwa chochote. Sina sababu ya kulipinga hilo. Hata mimi sitaki turudi kwenye zama za kusubiri gari la wilaya lije kubadilisha mpira wa koki. Wenye hoja hii wakisema fundi alipwe na watumiaji kupitia chombo chao, wamesema jambo la maana, na mageuzi ya mwaka 2019 yameelekea huko.

Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Mapato ya maji ya kijijini hayana mwendo mmoja. Kiangazi watu wanapanga foleni kwenye kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, na kulipa shilingi kadhaa kwa ndoo. Mvua zikinyesha wanarudi kwenye madimbwi, visima vya asili na maji ya bati, na mapato ya chombo yanaporomoka kwa miezi kadhaa. Fundi halei watoto kiangazi peke yake. Tena palipo na pampu ya mkono inayohudumia kaya chache maskini, hata zikilipa zote bila kukosa, hazifikii mshahara wa mtu mmoja, acha gharama ya silinda mpya. Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua kuhusu jambo hili umetoka kwa jirani zetu wa Kenya. Katika eneo la Kyuso, Kitui, watafiti waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya kutuma taarifa kwenye pampu za mkono na kuweka mafundi wenye wajibu wa kufika pampu ikinyamaza. Muda wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa karibu mwezi mzima hadi siku chini ya tatu. Kutoka hapo kukazaliwa kampuni ya matengenezo, FundiFix, inayofanya kazi Kitui na Kwale kwa mkataba: jamii inalipa ada, kampuni inaahidi pampu haitalala imekufa.

Hadithi hiyo hupendwa kusimuliwa kama ushindi wa teknolojia, na hapo ndipo inapopotoshwa. Kifaa cha kutuma taarifa hakikubadilisha mpira hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu ambaye riziki yake inategemea pampu kufanya kazi, mwenye pikipiki, stoo ya vipuri na mkataba unaombana. Na kuna sehemu ya pili ambayo wapenzi wa kauli ya "watumiaji wajitegemee" huiruka: hata mpango huo unaosifiwa, ada za watumiaji hazikutosha kuubeba. Umehitaji mfuko wa kujazia pengo. Kwa maneno mengine, pale ambapo matengenezo yamefanikiwa vijijini, yamefanikiwa kwa sababu mtu fulani nje ya kijiji amekubali kulipia sehemu yake kila mwaka, bila utepe. Barabara ya lami hatuwaambii wanakijiji waichangie kwa ndoo. Sielewi kwa nini pampu ya maskini ndiyo ijitegemee.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni ile ya moyo. Kwamba hawa wanafanya kazi ya wito, na ukianza kuwalipa utaua moyo wa kujitolea ambao ndio utamaduni wetu. Wanaosema hivi hutaja msaragambo, na hapo ndipo wanapojifunga wenyewe. Msaragambo ninaoufahamu ni siku iliyopangwa, mfereji unaozibuliwa na kila kaya, na asiyekuja anatozwa faini au anasemwa mpaka aone haya. Mzigo wa wote unabebwa na wote. Fundi wa pampu anayeitwa kila wiki, mchana wa palizi, yeye peke yake, kwa faida ya kaya 200 zinazoendelea na shughuli zao, hafanyi msaragambo. Anatozwa kodi ambayo wenzake hawatozwi. Halafu angalia ni nani huambiwa maneno ya moyo. Mhandisi aliyesanifu mradi hakuambiwa ajitolee, mkandarasi hakuambiwa, mshauri wa mfadhili ndiyo kabisa. Wito huanza kuhubiriwa tukishafika kwa mwenye spana, na kwa mama anayefungua kilula saa 12 asubuhi. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyekaa kwenye sekta hii: kijana anapelekwa mafunzo ya ufundi pampu, anarudi na cheti, anatumika miaka miwili, kisha anapanda basi kwenda mjini kufunga mabomba kwenye nyumba za watu wanaolipa. Moyo anao. Ada ya shule ya mtoto ndiyo haipokei moyo.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa namna tunavyochanganya mambo haya. Tarehe 9 Desemba 2015, katikati ya mlipuko wa kipindupindu, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku hiyo kuwa ya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alitoka Ikulu akaokota taka kwa mikono. Ilikuwa picha yenye nguvu, na nadhani ilifanya jambo moja la kweli: ilituonyesha kwamba kushika taka hakumshushi mtu hadhi. Ila tarehe 10 Desemba wenye fagio za chelewa walikuwa barabarani kama kawaida, na hakuna kilichokuwa kimebadilika kwenye malipo yao. Tulipata siku ya usafi. Mfagiaji hakupata mkataba. Hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 2020 Waingereza walisimama milangoni kila Alhamisi jioni kuwapigia makofi wauguzi na wenzao, na Machi mwaka uliofuata serikali yao ikapendekeza nyongeza ya asilimia moja. Wauguzi walikasirika, na walikuwa na chama cha kusemea hasira hizo. Mfagiaji wa Dar es Salaam hasira yake anaifagia.

Huko mjini mnyororo wenyewe uko hivi. Halmashauri inatoa zabuni kwa mkandarasi wa taka. Mkandarasi anapata fedha zake kwa kukusanya ada nyumba hadi nyumba, na ada ile kila mtu anajua inavyolipwa: mwenye nyumba anamsukumia mpangaji, mpangaji anasema mwezi huu gari halikupita, mwenye duka anataka risiti ambayo mkusanyaji hana. Fedha zikipungua, mkandarasi hakosi mafuta ya gari, maana gari bila mafuta halitembei. Anachokichelewesha ni malipo ya anayefagia, kwa kuwa yeye ataendelea kutembea. Glavu, buti na barakoa ndivyo vitu vya kwanza kukatwa. Kwa hiyo tunapolalamikia taka zilizorundikana halafu tukakwepa ada ya mwezi, tunachokikata moja kwa moja ni ujira wa mama aliyeinama pembezoni mwa barabara kuu saa 11 alfajiri, akisukumwa na upepo wa malori, ulinzi wake wote ukiwa kizibao kinachong'aa. Hili huwa hatupendi kuambiwa. Serikali ina lawama zake, na sisi wakazi tuna zetu.

Walio chini kabisa ya mnyororo ni wale ambao Dar es Salaam inawaita vyura. Mtandao wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo ya jiji. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo. Manzese, Tandale, Vingunguti na Keko kuna nyumba zilizobanana kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi kusogea. Shimo likijaa, wanaitwa watu, kwa kawaida usiku. Wanamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, wanachimba shimo jingine pembeni, wanavunja ukuta wa shimo lililojaa, na kazi iliyobaki inafanywa kwa ndoo, kamba na miguu ya mtu aliyeingia ndani. Wamejikata na vioo, wameumwa, wamevuta hewa ambayo hakuna aliyeipima. Mchana majirani wale wale waliowaita usiku hawataki kushikana nao mikono. Kisheria kazi hiyo haitakiwi kufanywa hivyo, na vifaa bora vipo: jijini humo zimefanyiwa majaribio mashine ndogo za kunyonya kwa mkono zinazofika uchochoroni, na waliofanya kazi hiyo wakapewa mavazi ya kinga na utaratibu wa kusajiliwa. Tofauti kati ya chura na mtoa huduma ya majitaka ni mashine, leseni na mahali halali pa kumwaga. Vitu hivyo vyote vinanunulika. Kuwapiga marufuku bila kuwapa njia nyingine ni kuwaongezea giza tu.

Atatokea msomaji wa sheria aseme hawa si wafanyakazi, ni vibarua, na kibarua hana madai. Asome tena. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna mojawapo ya dalili zilizotajwa humo, na moja ya dalili hizo ni kumfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni chini ya saa mbili kwa siku. Mfagiaji anazimaliza ndani ya wiki ya kwanza na kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya watu tunaowaita vibarua wa kudumu, na lugha yenyewe inajicheka hapo, sheria inaweza kuwatambua kesho asubuhi bila Bunge kukaa. Kinachokosekana ni halmashauri inayoandika sharti hilo kwenye zabuni ya taka: onyesha mikataba ya wafagiaji wako na michango yao ya hifadhi ya jamii na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, vinginevyo malipo hayatoki. Gharama ya zabuni itapanda, ndiyo. Bei ya sasa ni nafuu kwa sababu kuna mtu anailipia kwa mgongo wake.

Kuna pia wanaoamini mita za malipo ya kabla na pampu za umeme wa jua zitamaliza habari hii yote. Zitasaidia makusanyo, na hilo si dogo. Lakini paneli ikijaa vumbi itafutwa na mtu, na kifaa cha kuongoza pampu kikiungua hakibadilishwi kwa spana ya kawaida. Teknolojia hiyo inataka fundi ghali zaidi kuliko yule tunayeshindwa kumlipa leo.

Wapo wanaodhani kumtoa mtu kwenye "kujitolea" na kumweka kwenye malipo ni ndoto. Si ndoto, imefanyika hapa hapa, katika sekta ya jirani. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa jamii walipita nyumba kwa nyumba wakipima utapiamlo na kuhimiza kliniki, wakipewa fulana na semina. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Januari 2024 Tanzania nayo ikazindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, watakaofunzwa na kulipwa posho. Mipango hiyo ina matatizo yake. Kenya posho imekuwa ikichelewa katika baadhi ya kaunti, na posho si mshahara. Hata hivyo hatua ya msingi imepigwa: mtu aliyekuwa "anajitolea" sasa ana idadi, ana kiwango, na kikichelewa kuna pa kudai. Ukishakuwa na pa kudai, shukrani ya mheshimiwa inakuwa nyongeza badala ya kuwa malipo yenyewe. Hakuna sababu ya kiufundi inayofanya mwenye kipimo cha utapiamlo atambuliwe na mwenye spana ya bomba aachwe, hasa ukizingatia kwamba kipindupindu anachopambana nacho wa kwanza huzuiwa na wa pili.

Haya yakikubalika, mambo kadhaa yanafuata, na si yote yanapendeza. La kwanza ni kwamba visima vipya vitapungua. Halmashauri yenye fedha zile zile ikianza kutenga fungu la matengenezo kila mwaka, na kulipa mafundi kwa mkataba wa kundi la vijiji badala ya kijiji kimoja kimoja, itajenga kidogo kuliko ilivyoahidi kwenye kampeni. Diwani atakayesimama kusema "mwaka huu sijazindua kitu, ila hakuna pampu iliyolala zaidi ya siku tatu" anahitaji wapiga kura watakaompigia kwa maneno hayo, na kwa sasa sina hakika tupo. La pili, ada zitapanda au ruzuku itapanda, kwa kawaida vyote viwili. La tatu ni kwamba Wiki ya Maji, kila Machi, na Wiki ya Utumishi wa Umma, kila Juni, zitakuwa na kazi ngumu zaidi ya maonesho na fulana: kusoma hadharani, wilaya kwa wilaya, mafundi wangapi wana mikataba na vituo vingapi vimesimama kwa ajili ya vipuri. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo Mei Mosi huandamana na mabango ya walio kwenye orodha ya mishahara, vitalazimika kuamua kama mfagiaji wa mkandarasi ni mwanachama wao au ni mandhari ya barabara wanayopita.

Mahali pa kuanzia hapahitaji kusubiri Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo, mara nyingi harakaharaka watu wakiwa wameshaanza kunyanyuka. Utakapofika ukurasa wa maji, mtu aombe msomaji arudi nyuma mstari mmoja na aeleze fundi alilipwa shilingi ngapi robo hii, kwa mkataba upi, na nani aliyetoa nauli ya kufuata vipuri.